Kanuni ya Kumi na Moja

Tulianza kwa kufuta.
Aarre alichukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia mitihani,
akakata safu ya Silaha,
akakata safu ya Fedha,
akasita kidogo juu ya Njaa, kisha akaikata nayo.
Karatasi ya mhusika ikabaki nyeupe
kama Tampere nje ya dirisha, Desemba, saa tisa alasiri,
mchana umeshaaga.

"Sasa tutapigania nini?" akauliza Eevert.
Ana miaka kumi na sita. Mjomba wake asipomjibu upesi
hutafuna peremende nyeusi za chumvi
kwa kelele, makusudi.

Mwaka wa elfu nne na ushei.
Hakuna alalaye na deni.
Chombo chetu kinaitwa Kesho Kutwa:
kina shamba la viazi, maktaba, na sauna
(sauna hatukuijadili).
Mitambo inafua, inapika, inashona.
Mkono mtupu haulambwi, wanasema;
huko hakuna mkono mtupu,
basi nani atamlamba nani, na kwa nini?

Nikatunga kanuni kumi kwa wiki tatu.
Ya nne ilihusu kasi ya nuru.
Ya sita, jinsi watu elfu tisa watakavyopiga kura bila kuchoshana.
Ya nane niliitupa mara mbili.
Zote safi, zimepigwa pasi,
na kila tulipocheza tulipiga miayo.

Alhamisi akaja Tuovi akitoka zamu,
alama ya barakoa bado imemkaa puani.
Akachagua kuwa daktari.
"Daktari tena?"
"Huko," alisema, "vitanda vinatosha."

Nikambunia mgonjwa papo hapo:
fundi wa matanga ya nuru, miaka mia na arobaini na mbili,
moyo wa kubadilishwa kabla chai haijapoa.
Naye hataki.
Hana uchungu. Ameshiba tu, asema,
kama mtu anayesukuma sahani iliyobaki kidogo.

Tuovi akaokota dadu, ile ya pande ishirini.
Apate ngapi ili amshawishi?
Nikageuza kurasa. Nikazigeuza tena.
Friji ikanguruma, ikanyamaza.
"Usinitafutie namba," akasema,
akailaza dadu mezani taratibu, saba juu,
akamuuliza mzee (yaani mimi, na miwani yangu)
matanga yale, alipokuwa akiyashona, yalinuka nini?

Sikuwa nimejiandaa.
Nikajibu kwa sauti ya baba yangu,
miaka thelathini kiwandani, kando ya maporomoko,
kwamba yalinuka chuma kilichonyeshewa,
kwamba uzi ukikatika usiku unausikia kidoleni kabla ya sikioni,
kwamba kuna tanga moja alilikosea, la kushoto,
na hakuna aliyewahi kumgombeza.
Hakuna hata mmoja.
Hilo ndilo lililomchosha.

Saa nzima na nusu tulikaa hapo.
Peremende ikayeyuka mdomoni mwa Eevert bila kutafunwa.
Sijui kama mzee alikufa.
Tuovi alikuwa na basi la saa tano na robo.

Usiku ule nikaandika kanuni ya kumi na moja
nyuma ya karatasi iliyokuwa jirani na mkono:
*Pasipopunguka kitu, usirushe dadu.
Uliza swali usilolijua jibu lake,
kisha nyamaza.*

Asubuhi Aarre akaigeuza.
Ilikuwa bili ya kupashia nyumba joto,
tarehe imepita siku sita.
Akasoma upande huu, akasoma ule,
akatafuta kalamu nyekundu,
akaishika juu ya ile tarakimu
muda mrefu kuliko mzaha unavyohitaji.

Tukalipa nusu.
Kahawa tuliinywa tumevaa makoti.
Halafu simu ikalia: ujumbe wa Eevert, bila salamu,
anauliza kama yule fundi alikuwa na mtoto,
na kama nafasi hiyo
imeshachukuliwa.